Saa ya Fundi Kibwana Yahama

Mchana wa Alhamisi, alipokwisha kula ugali na mlenda na kuswali adhuhuri, Mwantumu Shekiondo alijilaza mkekani kwa nia ya kunyoosha mgongo tu, na hapo hapo akaota.

Kabla ya ndoto yenyewe, ni vizuri kujua mambo yalivyokuwa. Mwantumu ni fundi saa hapa Korogwe, mwenye kibanda pembeni mwa soko. Ufundi aliurithi kwa baba yake, marehemu fundi Kibwana, aliyefanya kazi karakana ya kiwanda cha mkonge. Mwaka wa sabini na nne fundi Kibwana aliunda saa ya ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Uso wake ulikuwa mfuniko wa pipa, meno yake ya baiskeli mbili, na uzito wa kuivuta ulikuwa mawe mawili ya mtoni yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mishale yake aliifua kutokana na panga lililokatika. Yeye hakuiita mishale. Aliiita akrabu, kama wazee wote walivyoita, jina lile lile la nge. Saa ikatundikwa kwenye mashine ya kusaga unga ya mtaa, juu ya mizani, na kwa miaka yote ile ilikuwa nyeupe kwa unga kama mtu aliyetoka kusaga.

Fundi Kibwana alipofariki aliacha mabinti wawili na saa moja. Siku ya arobaini yake wakagombana mbele ya wageni. Mwanakheri, mkubwa, alisema saa ni yake kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza. Mwantumu alisema ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyerithi bisibisi. Maneno yakazidi. Mwanakheri akaenda mashineni, akapanda juu ya gunia la mahindi, akang'oa akrabu zote mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga na kuondoka nazo.

Tangu siku hiyo, miaka mitatu, ndugu hao hawakusemeshana. Saa nayo iliendelea kwenda bila akrabu. Iligonga vizuri tu, ila haikusema ni saa ngapi. Watu wa mashineni waliizoea, kama unavyozoea mzee anayeitikia kwa kichwa kila unachomwambia.

Basi Alhamisi hiyo, mtoto wa Mwanakheri aitwaye Idrisa alikuwa amekuja na lori kumhamisha mama yake kwenda Mpanda, moja kwa moja. Wangeondoka saa kumi alasiri.

"Dada yako ndiyo anakwenda hivyo," jirani, Mama Sevelina, alimwambia Mwantumu asubuhi akiwa anaanua nguo. "Na Mpanda si hapo. Huendi hata kumuaga?"

"Yeye ndiye mkubwa. Mkubwa ndiye huanza."

"Mbona yeye anasema mdogo ndiye huanza?"

"Basi tutakutana akhera, tuulize huko nani alitakiwa kuanza."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, akaingia ndani, na ugali aliousonga siku hiyo ulikuwa na mabuje, madonge ya unga usioiva. Kisha ndiyo akajilaza.

Sasa, ndoto.

Hodi inapigwa. Mwantumu anaketi, anaona mlangoni imesimama saa ya mashineni. Imevaa koti la mvua la baba yake na imebeba mawe yake mawili kwapani, moja kila upande. Usoni imejaa unga. Akrabu haina.

"Shikamoo, dada," saa inasema.

Mwantumu anapiga hesabu haraka. Yeye amezaliwa sitini na tisa, saa imeundwa sabini na nne. Ni kweli, inastahili kumwamkia. "Marahaba," anajibu. Halafu hofu ya kifundi inamshika. "Umesimama?"

"Nimesimama kwa kuwa nimepiga hodi. Ukinikaribisha nitakaa."

"Karibu. Lakini unakwenda?"

"Ninakwenda, ndiyo. Ndilo nililokuja kukuambia."

"Alhamdulillahi. Saa ikienda ndiyo uzima wake."

"Hujanielewa, dada. Ninakwenda. Ninahama." Saa inashusha mawe yake chini, taratibu, moja halafu la pili. "Dada Mwanakheri anahama na akrabu zangu. Mtu hawezi kubaki Korogwe huku mikono yake iko Mpanda. Nimekuja kuaga, kwa kuwa sisi baba yetu ni mmoja."

Mwantumu hakuwahi kulifikiria jambo hilo kwa namna hiyo. Anaona aibu, bila kujua aibu hiyo ni ya nini hasa.

"Subiri kwanza," anasema. "Nitazifuata mimi. Nitaziomba."

"Ziombe upesi," saa inasema, ikiyabeba tena mawe yake. "Mimi nitatangulia. Mwendo wangu unaujua, siongezi wala sipunguzi."

Ikatoka, tiki, tiki, tiki, kwa hatua zilizolingana. Mwantumu akavaa kandambili akaifuata, lakini alipovuka kizingiti hakuikuta njia. Alijikuta kwenye kiti cha kinyozi, ameshafungwa kitambaa shingoni.

Mbele yake kuna kioo. Nyuma yake, kwenye ukuta, kuna saa iliyotengenezwa kwa kifuniko cha feni, na namba zake zimeandikwa kinyumenyume ili mteja azisome sawasawa akiwa anajitazama kiooni. Saa hiyo ndiyo kinyozi. Mishale yake ni mkasi.

"Nikupunguze dakika ngapi?" saa inauliza.

"Mimi sikuja kunyoa. Ninamuwahi dada yangu."

"Wote wanaokaa hapa wanamuwahi mtu. Mbele au nyuma?"

"Nyuma ya nini?"

"Dakika za nyuma ni zile ulizokwisha kuzitumia. Hizo hazikuumi, ila mtu hubaki hajui ametoka wapi. Za mbele ndizo unazozihitaji."

Mwantumu hakutaka ziguswe za mbele wala za nyuma, lakini mkasi ulikuwa umeshaanza. Dakika zikawa zinaanguka mabegani mwake, nyepesi, za kijivu kidogo. Akashangaa kuona zake zimekuwa za kijivu kiasi kile. Akaiokota moja akaitazama kwa karibu. Ilikuwa ile dakika aliyosimama kwenye kona ya soko mwaka juzi, Mwanakheri anapita ng'ambo ya barabara na kikapu cha nyanya, na yeye akajifanya anasoma tangazo la dawa ya panya. Alisoma tangazo lile lote mpaka jina la mpiga chapa.

"Hii usiitupe," alisema.

"Zilizokatwa ni za fagio," kinyozi akajibu, na fagio likapita lenyewe likazikusanya zote, na ile ya mkononi mwake pia.

"Sasa nimebaki na ngapi?"

"Tazama kiooni."

Akatazama. Kiooni hakujiona. Aliona stesheni ya reli, na abiria wamepanga foleni. Akainuka kwenye kiti akiwa bado na kitambaa shingoni, akaingia kiooni, naye akasimama mwisho wa foleni.

Foleni ilikuwa fupi kwa kuwa kila aliyefika mbele aligeuka kuwa wa nyuma. Mwantumu alifika dirishani mara tatu kabla hajashikilia nondo kwa mikono miwili asisogezwe.

Ndani ya dirisha alikaa karani. Robo yake ya juu upande wa kushoto haikuwepo: bega, sikio moja na jicho moja. Pale palipopungua palionekana kalenda iliyotundikwa nyuma yake.

"Jina langu Kasorobo," karani alisema. "Usinionee huruma. Robo yangu imetangulia, itanisubiri mbele. Shida yako?"

"Ninataka kujua ni saa ngapi, bwana Kasorobo. Dada yangu anaondoka saa kumi."

"Ofisi haijui. Iulize ile."

Juu ya mlango ilikuwapo saa ya tangu enzi za Mjerumani, kubwa kama sinia la pilau, na namba zake za Kirumi. Mshale wake mfupi ulisimama kwenye kumi.

"Ni saa nne," Mwantumu akasema kwa furaha. "Asubuhi bado!"

"Ni saa kumi!" saa ya stesheni ikafoka. "Huoni? Hapa pameandikwa kumi. Kumi ni kumi."

Na papo hapo jua la dirishani likashuka magharibi, vivuli vikarefuka, na kwa mbali akasikia lori likiunguruma.

"Kwa hesabu yetu ni nne," Mwantumu alisema upesi.

Jua likarudi juu. Vivuli vikafupika. Lori likanyamaza. Lakini tumbo lake likawa tupu ghafla, na alipotazama kaunta aliona sahani yenye ugali na mlenda, bado vinafuka moshi, na ugali una mabuje. Akautambua. Ni ule aliokuwa ameshaula.

"Ukichukua saa nne, chakula cha mchana unakirudisha," Kasorobo alieleza. "Huwezi kuwa na asubuhi na ugali wa mchana kwa pamoja. Ni utaratibu."

"Nimekubali. Nimeurudisha."

"Hajarudisha!" saa ya stesheni ikasema. "Mimi nimefundishwa kazi, na nimefundishwa kuwa siku huanza usiku wa manane. Huyu ananiambia huanza jua likitoka. Nani amemwambia?"

"Kuku," Mwantumu alisema. Hakujua kwa nini amesema hivyo, lakini lilikuwa jibu la kweli. "Na punda. Na mama yangu. Na jua lenyewe. Jua linajua Kiswahili."

Abiria wote wakageuka kumtazama. Saa ya stesheni ikafikiri kwa muda, meno yake yakisagana ndani, kisha ikajipindua ikasimama kichwa chini miguu juu. Mshale ukaelekea mahali pa nne.

"Sawa," ikasema kwa sauti ya mtu aliyebanwa kifua. "Lakini sitaweza kukaa hivi siku nzima. Damu inanishukia. Nenda haraka."

Kasorobo akagonga muhuri hewani. Muhuri ulitoa sauti ingawa haukugonga kitu.

Mwantumu alitoka kwa mlango wa abiria. Alitegemea kukuta reli. Alikuta bomba la maji la mtaa wao wa zamani, la enzi za utoto wake, na ndoo zimepangwa mstari mrefu bila wenyewe. Mbele ya mstari lilikuwapo beseni la maji, na juu ya maji kilielea kifuu cha nazi chenye tundu dogo chini.

Hicho alikijua. Zamani, bomba lilipokuwa moja mtaa mzima, kifuu ndicho kilichokuwa saa ya zamu. Kilielea, maji yakaingia kidogo kidogo kwa tundu, na kilipozama zamu yako imekwisha, ndoo ijae isijae. Yeye na Mwanakheri walikuwa wakikipuliza kwa siri ili kichelewe kuzama. Mwanakheri ndiye aliyekuwa na pumzi ndefu.

"Kifuu," alisema, akachuchumaa. "Unifahamishe jambo moja. Watu wawili wamegombana. Zamu ya kuanza ni ya nani, ya mkubwa au ya mdogo?"

Kifuu kilikuwa kimeshajaa nusu. Kilisema kwa shida, kama mtu mwenye chai mdomoni. "Mimi simjui mkubwa wala mdogo. Zamu ni ya aliyefika bombani."

"Na asipofika mtu?"

"Nazama tu. Ninazama hata kama hakuna mtu. Ndiyo kazi yangu. Nimezama mara elfu nyingi hapa peke yangu, mbele ya ndoo."

"Pole sana."

"Si vibaya. Chini ni baridi." Kikazama. Mapovu matatu yakapanda, halafu maji yakatulia.

Mwantumu akaingiza mkono kukitoa. Beseni halikuwa na kina. Mkono ukaingia mpaka begani, akainama, akapapasa, akainama zaidi, na alipogusa chini hakugusa kifuu bali mchanga mkavu wenye joto. Alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara inayokwenda kwa Mwanakheri. Ameikwepa barabara hiyo miaka mitatu. Michongoma ya pembeni imekua. Mtu ameweka duka la vocha pale palipokuwa na mti wa mpera. Akachanganyikiwa kabisa, asijue kama hiyo ni ndoto inabadilisha vitu au ni kweli vimebadilika yeye hayupo.

Mbele yake nge wawili wanavuka barabara. Mmoja mfupi mnene, mmoja mrefu mwembamba. Wanang'aa kama panga.

"Akrabu!" Mwantumu akaita.

Wakasimama. Yule mrefu alimzunguka mfupi mara moja kabla ya kujibu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. "Naam, dada."

"Mnakwenda wapi? Si mko kwenye khanga ya Mwanakheri?"

"Tulikuwemo," mfupi alisema polepole. Huyu kila neno alilitoa kwa wakati wake. "Anafungasha. Amefungua pindo atutazame. Hutufungua kila siku akatutazama. Leo amesahau kufunga."

"Kila siku?"

"Hutupaka mafuta pia," mrefu akasema. "Ya nazi. Si mazuri kwa chuma, lakini hatukumwambia."

Mwantumu alitaka kuwashika. Alivua kitambaa cha kinyozi kilichokuwa bado shingoni akakitandaza chini kama mtego.

"Usitutege," mfupi alionya. "Saa hutegwa ili imwamshe mtu. Ukitutega, utaamka, na hujafika."

Akakikunja kitambaa haraka. "Basi nifanyeje?"

"Sisi hatujui mambo ya watu. Sisi tunazunguka. Kila saa tunakutana mara moja, mmoja juu ya mwenzake. Hatuna la kuambiana. Lakini tunakutana."

Mrefu akaongeza, "Mwaka wa kwanza tuliona haya. Sasa tumezoea."

Wakaendelea na safari yao. Mwantumu akawafuata nyuma, akipunguza mwendo kwa ajili ya mfupi na kuongeza kwa ajili ya mrefu, mpaka kandambili moja ikakatika. Walipofika kwenye kona ya mwisho, pale ambapo nyumba ya Mwanakheri huonekana, nyumba haikuonekana. Palikuwa na ukuta.

Ulikata barabara kutoka michongoma mpaka michongoma, na kwenda juu ulikwenda tu. Ulikuwa umepakwa chokaa muda si mrefu, bado mbichi, inachuruzika. Kando yake imekaa saa ya mashineni, imeweka mawe yake chini, inajipepea kwa ukingo wa koti la mvua.

"Huu nini?" Mwantumu anauliza.

"Huu ni wakati," saa inasema.

"Nani kaujenga hapa?"

"Dada, mimi natokana na baiskeli. Usiniulize mambo ya ujenzi. Ninachojua ni kwamba watu wote husema wakati ni ukuta, nawe umesema hivyo mara nyingi kibandani kwako ukiwakemea wateja waliochelewa kuchukua saa zao. Haya, ndio huu."

Akrabu wawili hawakusimama. Waliingia kwenye ufa mdogo chini ya ukuta, mfupi kwanza, mrefu nyuma, wakapotea.

"Husemwa pia ukipigana nao utaumia," saa iliendelea.

"Ninajua husemwa."

Ng'ambo ya ukuta, lori linaunguruma. Kwa mbali saa ya stesheni inapiga kelele kwamba haiwezi tena, damu imejaa kichwani, inajipindua. Jua linaanza kuteremka upande wa magharibi kama kitu kilichoachiwa.

Mwantumu hakufikiri. Aliweka viganja vyote viwili kwenye chokaa mbichi, akasukuma. Ukuta ukawa na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe. Haukusogea. Akavua kandambili iliyobaki, akakita visigino mchangani, akasukuma kwa nguvu zake zote. Ukuta ukamsukuma yeye. Akarudi nyuma hatua, akaja tena.

"Unaumia," saa ikasema.

"Kaa kimya uje unisaidie."

"Sina mikono, dada. Ndilo tatizo letu sote tangu mwanzo."

Akasukuma mpaka machozi yakamtoka, na hakujua ni ya hasira au ya nini. Na hapo, katikati ya kusukuma, akasikia mtu anaguna. Si yeye. Ni upande wa pili.

"Nani huko?" akaita.

"Nani huko?" sauti ikaita, na haikuwa mwangwi, kwa kuwa iliendelea: "Hebu acha kusukuma!"

"Acha wewe! Mimi nataka kupita!"

"Na mimi nataka kupita! Utaniangushia ukuta!"

"Mbona wewe ndiye unanisukuma?"

"Ninasukuma kwa bega, ninataka kwenda huko!"

Sauti ile aliijua. Alijua hata pumzi yake, ndefu, ya mtu awezaye kupuliza kifuu kisizame. Mwantumu akafungua mdomo kulitaja jina, lakini ukuta ukatetemeka chini ya viganja vyake, lori likapiga honi, naye akaamka.

Alikuwa mkekani. Jasho limemtoka shingoni. Nje, Mama Sevelina anatwanga kitu. Tumbo lake lilikuwa limeshiba, ugali ule na mabuje yake umo ndani, na kwa hilo alifarijika kidogo, kwa kuwa angalau jambo moja lilikuwa mahali pake.

Akainua mikono afute jasho. Ikabaki hewani.

Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na chokaa. Mbichi. Ilikuwa imeingia kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja, na nyingine ilikuwa inamchuruzikia kwenye kiwiko.

Akatazama kuta za chumba. Ni za matofali matupu. Nyumba yake haijawahi kupigwa hata lipu, sembuse chokaa, na katika mtaa mzima hakuna aliyekuwa akipaka. Alinusa mkono. Ni chokaa.

Hakunawa. Hakujifunga hata khanga ya pili. Alitoka mbiombio, Mama Sevelina akabaki na mchi juu.

"Mama Sevelina, ni saa ngapi?"

"Tisa na nusu imepita. Mwantumu, mikono hiyo una nini?"

Mwantumu alikuwa ameshashika barabara.

Alipofika kwa Mwanakheri, hakukuwa na ukuta wowote njiani. Lori lilikuwa limeshapakiwa kitanda, kabati, mapipa na kuku ndani ya tenga. Idrisa alikuwa juu ya mzigo anakaza kamba. Alipomwona aliiachia.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema kwa sauti ya mtu asiyeamini anachokiona.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Amejiegesha kidogo pale ndani, juu ya magunia. Alisema anapumzisha macho. Nimwamshe?"

Hakukuwa na haja. Mwanakheri alikuwa ameshasimama mlangoni. Alikuwa amekonda kuliko Mwantumu alivyomdhania, na kilemba kimekaa upande kama cha mtu aliyekurupuka. Walitazamana. Yote aliyokuwa ameyapanga miaka mitatu, ya nani mkubwa, nani mrithi, nani alisema nini mbele ya wageni, Mwantumu aliyatafuta kichwani asiyakute.

"Shikamoo, dada," alisema.

Mwanakheri aliweka kilemba sawa. "Marahaba, mdogo wangu." Kisha akaingiza mkono kwenye pindo la khanga, akatoa vipande viwili vya chuma vinavyong'aa kwa mafuta, akampa kama mtu anayerudisha kijiko cha jirani. Mwantumu akavipokea. Hilo lilikwisha hivyo, kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kulisimulia.

"Mama," Idrisa alisema kutoka juu ya lori. "Chokaa hiyo umeipatia wapi? Tumefagia nyumba nzima asubuhi, hakuna chokaa humo."

Ndipo Mwantumu alipoona. Bega la kulia la gauni la dada yake lilikuwa jeupe tangu shingoni mpaka kwenye mkono, chokaa mbichi, inachuruzika.

Mwanakheri alikuwa anavitazama viganja vya mdogo wake. Akakitazama cha kulia, akakitazama cha kushoto, halafu akajishika bega na kukunja uso.

"Kumbe ulikuwa wewe," alisema. "Ungesukuma taratibu basi. Bega lote linaniuma."